Kitambaa Cheupe Mlangoni

Kila Ijumaa alipotoka shule, Redio alipitia ukumbi wa video wa shangazi yake kufagia chini ya mabenchi, mdomo ukifanya kazi kuliko ufagio. Jina hilo alilipata kwa jasho lake: ukimwambia jambo saa nne, saa sita mtaa mzima umelisikia, tena limeongezwa chumvi.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Watoto hawakuonyeshwa picha yoyote Jumamosi mchana kabla yeye hajaitazama mwanzo hadi mwisho. Ikifaa, alitundika kitambaa cheupe mlangoni. Isipofaa, chekundu, na hapo hata ulie machozi ya damu huingii. Wazazi walikiamini kitambaa kile kuliko saa ya ukutani.

Ijumaa moja, Shangazi alikuwa na shavu limevimba kama mpira.

"Redio, mwanangu, nakwenda kung'olewa jino. Nitazamie picha ya kesho. Ni ya mapenzi ya wanafunzi. Ukiona mambo ya kikubwa, tundika chekundu."

"Mambo ya kikubwa ndiyo yapi, Shangazi?"

"Usinizungumzishe na jino hili! Una miaka kumi na mitatu, hujui?"

Redio alijua. Mabusu! Akakaa na penseli na karatasi, tayari kuyahesabu.

Kwenye picha, msichana mpole alimwandikia barua mvulana wa darasa lake. Wenzake wakaiiba. Mmoja akapanda juu ya dawati na kuisoma kwa sauti ya puani, wengine wakammwagia msichana vumbi la chaki kichwani wakiimba, "Bibi harusi! Bibi harusi!" Redio alicheka hadi akashika mbavu. Mwishoni mvulana akaomba radhi, msichana akatabasamu, yakaisha. Karatasi ilibaki tupu. Redio akatundika kitambaa cheupe.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Barua iliposomwa, watoto walipiga miguu sakafuni kwa kicheko. Benchi la mbele, Kimya, rafiki wa Redio na jirani yake darasani, ndiye peke yake hakucheka.

Neno likamwasha Redio tumboni. Akamwinamia Kidevu, mchekeshaji wa darasa. "Hata Kimya ana mambo kama hayo, kwenye daftari alilonionyesha mimi tu. Amemtungia mashairi yule mvulana mpiga kengele wa shule. Usimwambie mtu."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Kidevu alikuwa juu ya dawati, mkononi daftari alilolichomoa mkobani mwa Kimya.

"Kengele yako ikilia," alisoma kwa sauti ya puani, "moyo wangu unaitika!"

"Bibi harusi! Bibi harusi!" darasa likaitikia, na vumbi la chaki likamwagika kichwani mwa Kimya.

Mpiga kengele mwenyewe akapiga makofi. "Mimi na huyo? Bora niioe kengele!"

Kimya hakumtazama yeye wala Kidevu. Alimtazama Redio. Na Redio, kwa kuogopa kugunduliwa, akacheka na wenzake.

Jumanne kiti cha Kimya kilikuwa kitupu. Jumatano vilevile. Alhamisi mchana mama yake, mwoka mikate, aliingia ukumbini na unga hadi viwikoni. Shangazi alikuwa amekaa na wanawake wa mtaa, soga zimepamba moto. Zikazimika.

"Nani alitundika kitambaa cheupe?" aliuliza mama yule. "Jumatatu mwanangu karudi kichwa cheupe. Nikadhani kachezea unga wangu, nikamgombeza. Mimi mama yake, nikamgombeza! Leo siku ya tatu hali chakula, na shule hataki kuisikia. Nilimruhusu kuja hapa kwa sababu ya kitambaa chako, dada."

"Ukumbi wangu, kitambaa changu," alisema Shangazi polepole. "Ni mimi."

"Basi ukumbi ufungwe!" akadakia mmoja wa wale wanawake.

Redio angeweza kunyamaza. Kwa mara ya kwanza, kunyamaza kulikuwa rahisi.

"Ni mimi," alisema. "Nilitundika mimi. Na siri ya daftari niliitoa mimi."

"Wewe? Uliyelala kwangu, ukala mezani pangu?" mama yake Kimya akamgeukia.

"Leo Redio imejitangazia msiba wake," mwanamke mmoja akanong'ona. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa Redio alisimama mbele ya darasa na kusema alivyomsaliti rafiki yake. "Bibi harusi!" sauti ikapaa kutoka nyuma, na chaki ikamgonga kwenye paji la uso. Mwalimu alimwadhibu aliyerusha, akamlazimisha Kidevu kurudisha daftari. Redio alilipeleka mwenyewe kwenye tanuri la mikate.

Kimya alilipokea, akapekua. Kurasa mbili zilikuwa zimechanwa.

"Ulicheka," alisema. Basi. Akaingia ndani.

Jumatatu alirudi shule. Alikaa dawati la tatu, na msichana mwingine.

Jioni hiyo Redio alimkuta Shangazi akifunga kitambaa chekundu juu ya kasha la picha ile.

"Lakini Shangazi, mle hamkuwa na busu hata moja. Nilihesabu."

"Kosa la kwanza ni langu. Nilikutuma jicho, sikukwambia litazame nini." Shangazi alikaza fundo. "Kupenda hakujamchafua mtoto wa mtu, mwanangu. Picha ile ilitufundisha kumcheka anayelia, kisha ikatudanganya kwamba maumivu yake yanaisha kwa tabasamu moja. Siku nyingine usihesabu mabusu. Mtafute anayelia. Ukishampata, jitazame mdomo wako unafanya nini."

Redio alichukua ufagio. Alifagia ukumbi mzima, benchi kwa benchi, bila neno.