Msuku Haupimwi kwa Panga

Walburga alibandika uji, akatayarisha ndoo zake. Msimu wa masuku, matunda matamu ya porini, ulikuwa umefika. Kila mwaka yeye na mumewe, Polikarp, waliokota masuku katika msitu wa kijiji, kando ya njia ya Peramiho. Walburga aliyauza sokoni Majengo. Masuku ndiyo yaliyowavalisha watoto sare za shule.

Lakini mwaka huu misuku ya bondeni ilikuwa inakauka. Majani yaligeuka kahawia kuanzia juu. Mashina yalitoa utomvu mweusi.

"Tukikosa masuku, Domina na wadogo zake watavaa nini?" Walburga aliuliza.

"Usiogope, mama Domina. Misuku yote naikagua mwenyewe."

Kweli, Polikarp alikuwa na bidii. Kila asubuhi alipita msituni na panga lake. Akifika kwenye mti, alichanja gome. Akiona kijani ndani, alisema, "Huu mzima." Akiona kahawia, alisema, "Huu mgonjwa." Kisha alikwenda kuchanja mwingine. Wazee wake nao walipima miti hivyo.

Ugonjwa ukapanda kutoka bondeni hadi kilimani. Misuku aliyoiita mizima nayo ikaanza kukauka. Walburga akampigia simu Pamela, bibi misitu wa kata.

Pamela alikuja kwa pikipiki. Yeye ni Mhehe, na Wahehe ni watani wa Wangoni kama Polikarp.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Umekuja kazini, au umefuata masuku yetu?"

"Vyote viwili! Babu alinionya nisiondoke Ungoni mikono mitupu."

Wakacheka, wakaingia msituni. Polikarp alichanja msuku mgonjwa ili mgeni aone. Akageukia msuku mzima, akainua panga.

"Mzee, simama hapo hapo!"

Panga likabaki hewani. "Kuna nini? Nyoka?"

"Heri nyoka, angemuuma mtu mmoja. Tazama utomvu kwenye makali ya panga lako. Unataka kuupaka kwenye jeraha la mti mzima? Nesi akimchoma mgonjwa sindano, anamchoma na mwingine kwa sindano hiyo hiyo?"

Polikarp alishusha panga. "Kumbe ni mimi niliyeupandisha ugonjwa kilimani?"

"Huenda. Hata mvua na upepo hueneza. Ila bidii yako tunaihitaji, mzee."

"Macho yake hayana shida," Walburga alisema. "Mkono ndio hautulii."

Pamela akaeleza. "Tazameni majani na shina. Mkiona dalili, pigeni picha, mnitumie, mniambie mti uko wapi. Msihamishe kuni za mti mgonjwa. Panga likiugusa, lifuteni kwa spiriti. Mimi niko peke yangu, na msitu ni mkubwa. Nyinyi mnapita kila mahali."

Kijiji kikakaa kikao. Waokota masuku, warina asali na wakata kuni wote walikubali kuwa macho ya msitu. Picha zikaenda kwa Pamela. Wataalamu wakaja, wakazuia watu kukata miti bondeni. Polikarp aliendelea kukagua kila asubuhi. Sasa panga aliliacha nyumbani.

Msimu uliofuata, misuku mingi ya bondeni ilikuwa imekufa. Lakini ugonjwa haukuvuka kilima. Upande wa pili, masuku yalidondoka kila mahali. Walburga akapeleka Majengo ndoo zilizojaa.

Mteja mmoja alionja, akalamba vidole. "Matamu hivi! Misuku yenu mmeifanyaje?"

"Hatukuifanya kitu," Walburga alijibu. "Tuliitazama tu."