Mgeni Aliyepewa Jembe Missouri City

Shemeji Theodora alinikuta sebuleni nimejifunga taulo lake la maua, namkaribisha kiti mtu ambaye hayupo.

"Shem, unaongea na nani?"

"Na mgeni. Kapiga hodi sasa hivi."

Nimetembea nchi nyingi, nimelala kwenye viwanja vya ndege vya kila aina, lakini aibu kama ile sikuwahi kuionja. Mlango ulikuwa wazi, jua la adhuhuri linachoma lami, na nje hakuna hata paka. Palikuwa na harufu tu: chumvi, kamba mbichi za meli, chuma chenye kutu.

Harufu iliingia, ikakaa. Kochi la mdogo wangu Leonce, mumewe Theodora, likabonyea upande mmoja, lisiinuke tena.

Theodora ni nesi, maiti hazimtishi. Lakini siku ya tatu alininong'oneza, "Mgeni siku mbili, Shem. Mpe jembe, aondoke." Alikuwa anatania kidogo na kuogopa sana. Nikalichukua jembe la bustani, nikaliegemeza kwenye kochi, nikamwambia mgeni kwa adabu zangu zote kwamba kazi inamsubiri nje.

Tuliporudi kutoka kanisani, majani yalikuwa yamelimwa mstari mnyoofu kuizunguka nyumba nzima, na kila kona imesimikwa msalaba wa mbao zilizong'olewa kwenye uzio wetu wenyewe.

"Kaondoka," alisema Leonce.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa anapima mipaka yake.

Binti yao, Yasinta, alipewa jina la mama yetu aliyezikwa Bukoba. Kama watoto wengi wa huku ughaibuni, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Wiki ile akaanza kujibu Kiswahili, tena kilichonyooka! Tukashangilia kama majuha. Leonce akawa anamrekodi na kuwatumia ndugu, nami nikadai hayo ni matunda ya hadithi zangu. Hatukujiuliza kwa nini kila kitu anakigusa kwanza na kuuliza, "Hiki mnakiitaje?" kisha anakipa jina lake mwenyewe, wala kwa nini nywele zake, hata zikitoka kuoshwa, zinanuka kamba mbichi.

"Yasinta, mama, njoo ule," Theodora alimwita.

Hakugeuka.

"We Yasinta!"

"Hayupo," alisema taratibu. "Mimi ni Isabela. Mgeni amenibatiza."

Tulimwita Mama Mado, mwombeaji wa Kikongo anayeishi mtaa wa Vickery Meadow kule Dallas, naye akapanda basi akiwa na Biblia na chupa ya mafuta, akamwekea mtoto mkono kichwani na kumwamuru aliyemo ndani ajitaje, na papo hapo sebule ikajaa ubaridi wa chumvi, vioo vikatoka jasho, kochi likalia kana kwamba mtu mzito amesimama, na kutoka katika kinywa cha yule mtoto, kinywa kilichokosa meno mawili ya mbele, ikatoka sauti ya mwanaume mzima, kavu, yenye adabu, ikizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu:

"Miaka mia tano iliyopita bahari ilinitupa kwenye pwani ya hapa, uchi, nina njaa. Wenyeji wakanilisha samaki. Wakanilaza karibu na moto wao. Waulizeni kama niliondoka."

"Wako wapi hao wenyeji?" Leonce aliuliza.

Mtoto akatabasamu, akainamisha macho, akaitazama sakafu.

Mama Mado aliondoa mkono, akaufuta kwenye kitenge chake, akafunga Biblia. Theodora akamshika mkono.

"Mama, nyumba tunamwachia. Vyombo, gari, kila kitu. Tunahama leo hii, nirudishie mwanangu tu."

Mama Mado alikuwa ameshafika mlangoni.

"Muhame muende wapi, mama? Huyu, kazi yake ni kusafiri."