Nzi Waliohitaji Togwa

Mwale mwembamba wa kijani ulitoka kwenye kiamshajeni ukamgusa buu mdogo kuliko punje ya ulezi. Ndani yake, jeni iliyolala tangu alipoumbwa ikazinduka. Siku chache baadaye buu akawa nzi jike, na kiooangavu, mashine inayoonyesha ndani ya kiumbe bila kumpasua, kikaonyesha ovari mbili zimekaa mahali pake.

Kabla ya hapo, nzi wa matunda wa ukoo huo walizaliwa bila ovari kabisa. Dokta Mwajabu Semkiwa wa Muheza alikijenga kiamshajeni akimfikiria mtu mmoja tu, mdogo wake Tunu, ambaye naye alizaliwa na jeni iliyolala.

Lakini ovari bila mayai ni kazi bure, na wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi kuamua kama maabara iendelee au ifungwe. Mayai hayakuonekana. Mwajabu, aliyelelewa na mama asiyepokea mgeni kwenye vumbi, akazidi kusafisha. Kila asubuhi aliosha vizimba kwa sabuni na kuwawekea nzi chakula kipya, cheupe pe. Nzi walikula, wakaruka, wakapendana, na yai hata moja hawakutaga.

Jumatano Tunu alileta dumu la togwa kwa ajili ya wageni. Akamimina kikombe, akakiweka mezani. Nzi waliotoroka kizimbani wakakivamia wote kwa pamoja.

Mwajabu akawatazama, kisha akajipiga paji la uso.

"Hamira iliyo kwenye togwa, Tunu. Nzi jike bila hamira hatengenezi mayai. Nalijua hilo tangu chuoni, na kila siku naiosha kwa mikono yangu."

Tunu alicheka mpaka akashika mbavu. "Msomi mzima, dada, unawashindisha nzi njaa kwa sababu ya wageni?"

"Cheka tu. Lete hicho kikombe."

Alhamisi asubuhi chakula kilikuwa kimejaa mayai meupe. Wakaguzi walichungulia, wakapeana mikono, wakasema maabara iendelee, na togwa wakaongezewa. Walipoondoka, Mwajabu alicheza ngoma ya mdumange peke yake katikati ya vizimba, koti jeupe likipepea. Furaha ilimjaa tele.

"Haya," Tunu akasema, "zamu yangu lini?"

Mwajabu akasimama.

"Nzi wakubwa niliwajaribu wiki nzima. Jeni haikuamka hata kwa mmoja. Inaamka kwa buu tu, kabla kiungo hakijaumbika. Kwa binadamu, ni mtoto akiwa bado tumboni. Kwako nimechelewa, mdogo wangu."

Tunu akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Inauma, dada. Sitakuficha."

Kisha akamimina togwa iliyobaki kwenye kifuniko, akakisogeza taratibu mpaka mlangoni mwa kizimba.

"Acha washibe. Na huyo binti wa kwanza utakayemwamsha tumboni, mwambie mama yake anitafute. Togwa ya arobaini yake naikoroga mimi."