Dalecha Hatoki Zizini

Kijijini kwetu milimani, nyumba iliyonukia kahawa kuliko zote ilikuwa ya Mengesha na mkewe Asnakech. Kahawa asubuhi, kahawa mchana, kahawa jioni. Majirani walijaa. Sukari ilimiminwa kama haina bei.

Siku moja alifika Bwana Tassew. Huyu hukopesha watu pesa kwa riba. Mkononi alishika kamba mpya.

"Karibu kahawa, baba," alisema Mengesha.

"Kahawa nitakunywa siku ya Krismasi. Siku hiyo nataka pesa zangu zote. Zikikosekana, kamba hii ninayo."

Akatazama zizini. Ndani alisimama Dalecha, maksai wa kijivu. Mengesha hakuwa na maksai mwingine. Wakati wa kulima, Dalecha alifungwa nira moja na maksai wa jirani, wakalima mashamba yote mawili kwa zamu. Bila Dalecha, Mengesha angekuwa kibarua kwenye mashamba ya wenzake.

Deni lilitoka wapi? Kila mwezi chama chetu cha Mtakatifu Mikaeli hukutana nyumba kwa nyumba. Tunasali, tunakula, tunakunywa. Mwaka jana mwanachama mwenzetu, Yeshi, alichinja kondoo. Zamu ya Mengesha ilipofika, akakopa akachinja wawili. Pasaka akakopa tena. Riba ikazaa. Na sasa zamu yake ilikuwa inakaribia tena.

Tassew alipoondoka, Asnakech alilia. "Mwaka huu tutapika shiro," alisema. "Mchuzi wa dengu unatosha."

"Shiro! Siku ya Mikaeli? Watu watasema tumefilisika!"

"Kwani hatujafilisika?"

"Sema polepole, mke wangu!"

"Nisemeje polepole na ng'ombe anaondoka?"

Mlango ukasukumwa. Aliingia Mama Beletu, mjane anayeuza siagi sokoni.

"Endeleeni tu," alisema. "Nusu ya kijiji imeshasikia. Hii nusu nyingine inasikiliza." Akaketi. "Ugonjwa wenu naujua. Ni yilunyta."

Kwetu neno hilo ni la sifa. Mwenye yilunyta ni mtu anayejali watu watamwonaje. Asiyekuwa nayo huitwa hana haya.

"Yilunyta ni adabu njema, Mama," alisema Mengesha.

"Ni adabu ikikuzuia kumkosea jirani. Ikikutuma kwa Tassew, ni ugonjwa. Marehemu mume wangu alikopa afanye karamu ya arobaini ya baba yake. Watu walitusifu siku mbili. Maksai wetu hakurudi mpaka leo."

Mengesha akainamisha kichwa. "Sasa tufanye nini?"

"Kila mnapotaka kununua kitu, jiulizeni: ningekinunua kama mlango umefungwa na hakuna anayeniona? Haya, tujaribu. Sukari hii?"

Asnakech akafikiri. "Tukiwa peke yetu kahawa tunaitia chumvi."

"Ile shela mpya unayoisema kila siku?"

"Ninayo nyingine. Ni nzima."

"Na wewe, Mengesha? Pombe ya araki kila jioni kilabuni?"

Mengesha akakohoa. "Ile... ile nawanunulia wenzangu."

"Na mlango ukifungwa?"

Asnakech akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Jambo la pili," alisema Mama Beletu. "Msimkimbie Tassew. Nendeni kwake na mzee mmoja awe shahidi. Mwombeni riba isimame, muanze kulipa kidogo kidogo. Na msikope kwa mwingine ili mumlipe yeye. Huko ni kuhamisha moto kutoka paa moja kwenda jingine."

Walifanya hivyo. Tassew alinuna, lakini mbele ya mzee alikubali riba isimame. Kumbe naye ana yilunyta yake!

Asnakech akapatana na majirani wawili. Kahawa ya asubuhi wakaipika kwa zamu, kwa chumvi. Ya mchana wakaiacha. Mengesha alipita kilabuni akitazama upande wa pili wa njia. Wenzake walimwita bahili. Kilichobaki kila siku ya soko kilikwenda kwa Tassew kabla hakijafika nyumbani.

Siku ya Mikaeli ikafika. Wanachama wote waliketi. Asnakech alifunua kikapu. Ndani kulikuwa na injera, ile mikate yetu myembamba ya chachu, shiro na mkate mkubwa wa shayiri. Basi.

Watu wakatazamana. Yeshi akanyoosha shingo kutazama nyuma ya kikapu.

"Nyama bado iko jikoni?" aliuliza.

Asnakech akaweka kifuniko chini. Alitamani ardhi immeze. Hata hivyo akasimama.

"Nyama haipo, dada yangu. Wale kondoo mliokula hapa mwaka jana hawakuwa kondoo. Ilikuwa miguu ya mbele ya Dalecha. Tulikopa. Nikichinja tena leo, mtakula ya nyuma, na mume wangu atavuta plau mwenyewe."

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, na nyumba nzima ikafuata. Yeshi peke yake hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya shela.

"Mtakatifu Mikaeli asifiwe," alisema. "Mimi yule kondoo wangu bado nadaiwa. Nilikuwa nawaza zamu ijayo nikope wapi."

"Hata mimi," alisema mwingine.

"Na mimi!"

Palepale tulikubaliana: kwenye chama cha Mikaeli ni mkate, shiro na pombe ya shayiri. Atakayechinja atalipa faini. Sijawahi kula shiro tamu kama ile, na nilirudia sahani bila haya.

Shayiri ikavunwa. Mengesha aliuza magunia, akaweka ya chakula na ya mbegu, kisha akaketi kumngoja Tassew.

Siku ya Krismasi Tassew alikuja na kamba yake. Mengesha alimwekea pesa za mwisho mkononi, mzee shahidi akitazama. Tassew akahesabu. Akahesabu tena.

"Zimetimia," alisema, kama mtu aliyeumwa jino.

"Dalecha hatoki zizini!" Asnakech akapiga vigelegele. Majirani wakaitikia. "Sasa kunywa ile kahawa yako, baba."

Tassew akaonja, akakunja uso. "Hakuna sukari?"

"Chumvi imo humo humo."

Alikunywa vikombe vitatu, maana cha tatu ndicho cha baraka. Akaaga, akaondoka. Mara Asnakech akaona kamba mpya imesahauliwa kando ya kiti.

"Kamba nzuri," alisema Mama Beletu. "Itamfaa Dalecha."

Mengesha aliinyakua, akatoka mbio. Tulimsikia akiita bondeni, na sauti yake ilikuwa ya furaha:

"Baba Tassew! Simama! Chukua kamba yako! Sitaki kubaki na chako hata uzi!"