Fomu ya Kodi ya Mama Prince

Asubuhi za likizo ile Nella aliamka mapema, akawasha hita ya sebuleni na kumpikia mama yake uji. Mama yake, Anésie, alikuwa akitunza wazee katika makao yao huko Campbelltown. Aliporudi kutoka zamu alivulia sare yake mlangoni, akaitia kwenye mashine ya kufulia, akanawa mikono hadi viwikoni, ndipo akaketi kunywa uji. Ulikuwa mwezi wa Julai mwaka 2021. Sydney yote ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na kule kwao Macquarie Fields majirani walizungumza wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa uzio.

Mama akinywa uji, Nella alimsomea barua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Kiingereza chake kilikuwa cha hapahapa. Alisoma barua za shule, za umeme na za nyumba, akazieleza kwa Kiswahili bila kusita. Sifa zake zilikuwa zimefika kwa Warundi na Wakongo wengi wa mtaa ule. "Mtoto wa Anésie ni mwanasheria mdogo," walisema, na Nella alipenda sana kusikia hivyo.

Tarehe mosi Julai alimsaidia mama yake kujaza fomu ya kodi ya mapato kwenye simu. Kila mfanyakazi nchini humo huijaza mwaka wa fedha unapoisha, na aliyekatwa kodi nyingi kupita kiasi hurudishiwa. Makao ya wazee yalikuwa yameshatuma taarifa ya mishahara ya mwaka, kwa hiyo kazi ikaisha upesi. Kesho yake Anésie akamsifu binti yake mbele ya jirani yao, Mama Prince.

Mama Prince, ambaye jina lake hasa lilikuwa Bibiane, alitoka Uvira, Kongo. Alimlea mwanawe Prince peke yake. Alipika katika jiko la hospitali, na kwa miezi mitano alikuwa amefanya pia kazi ya mwisho wa juma katika ghala la kufungasha mboga.

"Mwanangu, nisaidie na mimi," alisema, akaipangusa simu yake kwa kitakasa mikono na kuipitisha juu ya uzio. "Mama yangu haoni tena. Daktari anataka kumpasua macho. Nikirudishiwa kitu kidogo, nitamtumia."

Nella alianza kujaza. Taarifa ya hospitali ilikuwepo. Ya ghala haikuwepo. Badala yake palitokea maandishi yaliyosema kwamba huenda waajiri wengine hawajatuma taarifa zao, na kwamba ni vizuri kusubiri.

"Wanasema nini hapo?" Mama Prince aliuliza alipomwona amenyamaza. "Karatasi ya ghala bado haijafika kwangu. Si tungoje?"

Nella hakujua. Hakujua kama ile ya ghala ingejijaza yenyewe baadaye au la. Lakini alikuwa amesema kazi ile ni ya dakika kumi, na mama yake alikuwa amesimama pale akitabasamu. Angewezaje kusema hajui?

"Hakuna haja, mama," akajibu. "Serikali inajua kila kitu. Kompyuta itajaza yenyewe."

Mahali palipoulizwa kama mapato yote yameandikwa, akabonyeza ndiyo.

Wiki mbili baadaye dola elfu moja mia tatu na kumi ziliingia kwenye akaunti ya Mama Prince. Alipiga vigelegele hadi majirani wakafungua madirisha. Pesa zile hazikulala. Zilikwenda Uvira siku hiyohiyo, na bibi yake Prince akapasuliwa jicho la kwanza. Nella akaletewa sahani ya sambusa. Akazila kwa raha.

Mwanzoni mwa Septemba wanafunzi walikuwa bado wanasomea nyumbani. Siku moja, saa ya mapumziko, Mama Prince alimwita uzioni. Alikuwa amevaa barakoa, na mkononi ana barua.

"Inatoka ofisi ya kodi. Nisomee."

Nella aliifungua. Alipofika mstari wa tatu, masikio yakamwaka moto. Barua ilieleza kwamba Bibiane hakuandika mshahara wa ghala, kwamba hesabu imefanywa upya, na kwamba anatakiwa kulipa dola elfu moja mia moja na themanini kabla ya tarehe ishirini na saba. Nella aliisoma kimyakimya mara mbili, akitumaini kwamba maneno yatabadilika.

"Wananidai?" Mama Prince aliuliza polepole. "Nella, mimi nimeomba uraia. Sitaki shida na serikali."

"Hapana, mama." Sauti ilimtoka nyembamba. "Wanakushukuru tu. Wanasema fomu yako wameipokea."

"Ah! Mungu akubariki." Mama Prince akaikunja ile barua vizuri na kuitia mfukoni.

Tangu siku hiyo Nella alianza kumkwepa. Nguo zikikauka uani, alisubiri mpaka Mama Prince aingie ndani ndipo akazianua. Darasani, kwenye kompyuta, mwalimu alimwita jina mara tatu bila yeye kusikia. Kila asubuhi alihesabu siku zilizobaki kufika tarehe ishirini na saba, na kila asubuhi alijiambia atasema jioni. Jioni ikifika, ulimi ulikuwa mzito. Ingekuwa nafuu kwake kama Mama Prince angemkasirikia. Lakini yule mama alizidi kumpungia mkono, na Prince naye akazidi kumwita "dada Nella, dada Nella" kutoka upande wa pili.

Jumapili, tarehe kumi na tisa, waumini wa kanisa lao walisali kwa simu kama walivyozoea. Familia kama thelathini zilionekana kwenye kioo, kila moja katika kisanduku chake. Mchungaji Salvator alipouliza nani ana neno la shukrani, Mama Prince akainua mkono.

"Nashukuru kwa macho ya mama yangu," alisema. "Juzi kwenye simu ya video alimtambua mjukuu wake kwa kumwona tu. Na ninamshukuru Nella, binti wa dada Anésie. Mimi sikusoma sana. Mtoto huyu ndiye macho yangu. Barua zangu zote ananisomea, wala hajawahi kunichoka."

Watu wakapiga makofi. Anésie akamkumbatia binti yake begani. Nella akayaona makofi yale, mikono ya watu thelathini na zaidi, na akaona uso wake mwenyewe katikati ya kioo ukitazamwa na wote. Akatamani ardhi immeze. Aliinuka, akakimbilia bafuni, akajifungia.

Anésie alimfuata, akagonga. "Nella, unaumwa? Una homa?" Siku zile kila mzazi aliwaza korona kwanza.

"Siumwi, mama."

"Basi fungua."

Mlango ukafunguka. Nella alikuwa ameketi sakafuni, analia. Akasema yote: karatasi ya ghala ambayo haikufika, maandishi aliyoyapuuza, "ndiyo" aliyoibonyeza, na barua aliyoisoma kwa uongo. Sehemu ya mwisho aliisema akiwa ameziba uso kwa mikono.

Anésie hakupiga kelele. Akampa taulo ajifute uso.

"Vaa barakoa yako," akasema. "Tunakwenda uzioni."

"Mama, mwambie wewe. Tafadhali."

"Mimi sikusoma barua ile. Aliyeisoma ni wewe."

Mama Prince alitoka akiwa bado na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, anacheka. Nella alitazama miguu yake. "Mama, ile barua... sikuisoma kweli," alisema. "Haikuwa ya shukrani. Wanakudai pesa. Kosa ni langu, niliwaambia mapato yote yameandikwa, na nilijua ya ghala hayapo. Naomba unisamehe."

Kicheko kilimtoka Mama Prince usoni taratibu. Alishika ubao wa uzio. "Kiasi gani?" Nella akamtajia. "Na siku?" Akamtajia.

"Siku nane!" Mama Prince akasema. "Pesa ziko kwenye jicho la mama yangu. Nitazitoa wapi? Watasema mimi mwizi. Na uraia wangu?" Kisha akamgeukia Nella. "Nilikuuliza. Nilisimama hapahapa nikakuuliza."



Jumatatu asubuhi Anésie alimpigia Bwana Mwangi, Mkenya mmoja wa Bankstown aliyekuwa mhasibu, ambaye alijitolea kuwasaidia watu mambo ya kodi bila malipo. Simu iliwekwa juu ya nguzo ya uzio, kati yao na Mama Prince, spika ikafunguliwa.

"Shikamoo, Bwana Mwangi," Nella alianza, akaeleza tena kila kitu. Kusema mara ya tatu hakukuwa rahisi kuliko mara ya kwanza.

Bwana Mwangi alisikiliza hadi mwisho. "Waajiri hupewa siku kadhaa za Julai kutuma taarifa zao," akasema. "Anayejaza kabla hazijafika anakisia. Wengi hukimbilia pesa halafu huzirudisha wakilia. Mama Prince, unanisikia? Kukosea fomu si wizi. Tutaipigia simu ofisi ya kodi sasa hivi, nami nitakuwa kwenye laini."

Walisubiri dakika arobaini wakisikiliza muziki uleule. Mwishowe afisa mmoja wa kike akapokea. Aliuliza maswali, Bwana Mwangi akatafsiri, na Mama Prince akajibu mwenyewe. Kwa kuwa alipiga kabla ya siku ya mwisho na akaeleza ukweli, aliruhusiwa kulipa kidogokidogo, dola hamsini kila wiki mbili, na hakutozwa faini. Alipouliza habari za uraia kwa sauti iliyotetemeka, Bwana Mwangi alimwambia kwamba deni analolilipa kwa mpango si kosa la jinai.

Mama Prince akashusha pumzi. Anésie alitaka kulipa nusu, lakini mwenzake akakataa. "Kodi ilikuwa yangu tangu mwanzo," alisema. "Ningejua, ningeiweka pembeni." Kisha akamtazama Nella. "La fomu nimekusamehe leo. La barua, mwanangu, nipe muda. Nilikuwa nimekuamini kama macho yangu."

Nella aliitikia kwa kichwa. Alijua anastahili maneno yale.

Walipoingia ndani, Anésie alimketisha mezani. "Na mimi nina aibu yangu," alisema. "Nilikubebesha kazi za watu wazima kwa sababu unajua Kiingereza, nikakusifu mpaka ukaona haya kusema hujui. Mwakani tutasubiri karatasi zote zifike, na fomu tutajaza pamoja na Bwana Mwangi. Lakini wewe nawe sikiliza. Siku ile uzioni ungesema 'sijui', Mama Prince angengoja wiki mbili tu, basi. Ulipoona umekosea ungesema siku ileile, angekuwa na wiki tatu za kujipanga badala ya siku hizi nane. Watu hawakuhitaji ujue kila kitu, Nella. Walikuhitaji useme kilichoandikwa."

"Ndiyo, mama," Nella akasema, na safari hii alimtazama mama yake machoni.