Nilikata Simu ya Mama Nikicheka na Muuza Mabegi

Mkasa huu umenigharimu simu mbili. Nimezihesabu, nikarudia, bado ni mbili. Na nisipopata ushauri kabla ya Jumapili, utanigharimu na mdogo wangu wa pekee.

Nina miaka arobaini na mmoja. Niliolewa mara moja, ikatosha. Nafundisha Kichina ghorofa ya pili hapa Kariakoo, juu ya duka la vyombo. Chuoni sikwenda. Lugha niliipata kwa miaka tisa ya kuuza katika duka la Wachina. Wanafunzi wangu ni wafanyabiashara wanaofuata mzigo huko China: mabegi, viatu, taa.

Kabla sijaanza nilidhani nitauza maneno. Kumbe ninachouza ni uso. Mtu mzima mwenye maduka mawili akikosea kutamka mbele ya kijana wa miaka ishirini, anaona aibu, na kesho humwoni. Kwa hiyo nacheka, nasifu, napiga makofi. Nina jino linauma, nacheka. Nimeamka na homa, nacheka. Ukimnunia mwanafunzi wa lugha, ulimi wake unafunga kama duka siku ya mgomo.

Halafu kuna kusimama hewani. Huo ni utaratibu wetu sisi tunaofundisha wafanyabiashara: mwanafunzi akifika China, ananipigia kwa video akiwa mbele ya muuzaji, nami nabishana bei badala yake. Na bei haishuki kwa kununa. Unamtania muuzaji, unaguna, unacheka, unajifanya unaondoka. Ukishuka hewani katikati, muuzaji anamgeukia mteja mwingine.

Baba Glory, Mchaga anayeuza mabegi mtaa wa pili kutoka kwangu, alikuwa na safari yake ya kwanza. Wenzake walishalizwa huko, na yeye aliogopa mpaka viganja vinatoka jasho. Alinipigia saa nne asubuhi, darasani nina watu kumi na mmoja. "Mwalimu, usiniache peke yangu hapa," akasema. Nikaanza kazi. Yule Mchina muuza mabegi alikuwa mtu wa utani, nami nikamjibu kwa utani. Darasa zima likawa linacheka.

Jina la mama likatokea kwenye kioo cha simu.

Mama hakuwa mtu wa kupiga asubuhi. Alijua nafundisha. Akiwa na shida alibipu, akasubiri. Nililijua hilo, wasomaji wangu, wala sitaki mtu anitetee. Nikakata.

Akapiga tena. "Ni mama tu anapiga, tuendelee," nikamwambia Baba Glory, nikakata tena... huku nacheka.

Bei ilishuka. Baba Glory alinishukuru karibu alie. Nikasema moyoni nitampigia mama saa sita, darasa likiisha. Saa tano na nusu akapiga Zuhura, mdogo wangu aliyekuwa akiishi naye Magomeni. Mama alikuwa ameanguka. Kiharusi. Jirani ndiye aliyemkuta sakafuni, simu mkononi.

Aliishi siku tatu bila kusema neno. Alikuwa akinitazama tu. Nilimsemesha kwa lugha zote mbili ninazozijua, na ya kwetu Kizaramo kidogo, jumla tatu. Hakuna kitu.

Zuhura aliniuliza kwenye korido ya hospitali. "Dada, jirani anasema mama alikuwa anakutafuta. Ulikuwa wapi?"

"Simu ilizima chaji, mdogo wangu. Ulipopiga wewe ndiyo kwanza nilikuwa nimeiwasha."

Akanishika bega. "Basi usijilaumu. Mwenyezi Mungu ndiye aliyepanga."

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Nilidhani uongo mmoja mdogo utanivusha msiba. Lakini uongo ni kama fremu ya duka Kariakoo, ukishaingia mkataba huna njia ya kutoka.

Nilifundisha siku ya nne baada ya maziko. Wanafunzi walinipa pole, nikawashukuru, na dakika ya tano nilikuwa napiga makofi. Mmoja akaniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, wewe una moyo wa chuma." Nikacheka. Kisha nikaenda chooni, nikafungulia bomba.

Wiki iliyopita nikapita dukani kwa Baba Glory. Alikuwa anamshawishi mtu ajiunge na darasa langu. "Unatafuta mwalimu? Huyu hapa. Niko China, mama yake mzazi anapiga, anakata. Anapiga tena, anakata. Mpaka begi likashuka bei. Utampata wapi mwalimu kama huyo?"

Nikamvuta pembeni. "Baba Glory, hilo la mama nakuomba usiliseme."

"Acha unyenyekevu, mwalimu. Hiyo ndiyo sifa yako."

Hajui. Anadhani mama alipiga kusalimia, akaugua baadaye. Nikimwambia ilikuwa simu ya namna gani, yule mtu atajiona ameua mama wa mwalimu wake kwa sababu ya mabegi. Kwa hiyo hapo napo namlinda yeye, mwanafunzi, kama nilivyozoea. Wanafunzi wapya wawili wamejiunga kwa hadithi hiyo. Nimewapokea kwa tabasamu.

Jumapili ni arobaini ya mama. Baba Glory aliporudi safari alileta gunia la mchele msibani, na Zuhura, kwa wema wake, amemwomba aseme machache kwa niaba ya wanafunzi wangu. Jana Baba Glory kanipigia kwa furaha: "Mwalimu, nina kisa kizuri sana cha kuwaambia ndugu zako."

Walimu wenzangu wa lugha, nawasihi. Siku ya kwanza kabisa mwambie mwanafunzi: lipo jina moja, likitokea kwenye kioo, nitakuacha hewani hata kama bei inashuka. Mwambie ukiwa umetulia, kabla hajasafiri. Na siku usiyoweza kucheka, funga darasa uende kwenu. Mimi sikufanya hivyo hata mara moja, na hakuna aliyenilazimisha.

Sasa naomba ushauri wenu. Leo ni Jumatano: nina siku nne nikiihesabu Jumapili yenyewe, tatu nikiitoa. Nikimwambia Baba Glory ukweli, namvunja mtu asiye na kosa. Nikimwambia Zuhura, huenda asikanyage tena mlangoni kwangu. Nikinyamaza, atasikia mbele ya ukoo mzima, kwa kicheko cha mgeni. Nimeshika simu mara ngapi sijui, namba ya Zuhura iko pale, na sijui sentensi ya kwanza iwe ipi. Aliyewahi kumwambia ndugu yake jambo kama hili, aniandikie alianzaje.