Maji Bado Hayajakomaa

"Usiwatie, Raudha! Nakuomba, usiwatie leo!"

Raudha alikuwa amesimama sebuleni kwa Yahaya, mbele ya tangi la kioo la samaki. Mkononi alishika mfuko wa nailoni uliojaa maji, ndani yake samaki wadogo wekundu na wa buluu wakizunguka kama waliopotea njia. Vidole vilikuwa tayari vimeshafika kwenye raba iliyofunga mdomo wa mfuko.

"Nisiwatie kwa nini? Nimewaagiza Kariakoo, wamepanda basi toka Dar mpaka Tunduma, wamefika wazima. Leo mwenye tangi anasema wasiingie?"

"Maji bado."

"Bado nini, na haya yanang'aa? Nimeliosha mwenyewe hili tangi ulipokuwa Ndola. Nimesugua vioo, nimeosha mawe, na lile sponji lako chafu la kuchujia maji nimelifua kwa maji ya bomba mpaka likawa jeupe!"

Yahaya akajishika kichwa. Masikini Raudha, alidhani anajipendekeza kwa mchumba, kumbe kashafanya balaa.

"Raudha, ule uchafu ndio uliokuwa unawaweka hai. Kwenye sponji kuna vijidudu vinavyokula sumu inayotoka kwenye mavi ya samaki. Umevifua vyote. Maji yanang'aa, ndiyo, ila hayajakomaa. Hawa wawili wa zamani wenyewe nawaponya kwa kubadilisha maji kidogo kila siku. Tukiongeza wengine leo, tutawakosa wote."

"Mpaka lini sasa?"

"Subiri kidogo, mpenzi."

Angesema neno lingine lolote, ugomvi ungeishia pale. Lakini hilo la kusubiri Raudha alikuwa amelishiba hadi kooni. Yeye binti wa Tanga, aliyelelewa na shangazi yake, alikuja Tunduma kuuza vitenge na akampenda huyu mwenye lori, mfiwa mpole asiye na makuu. Barua ya posa ilikuwa iende Tanga baada ya Idi. Ikasogezwa mpaka mavuno. Mavuno yakapita, ikawa lori linatengenezwa gia. Na muda wote huo ndani ya nyumba alikuwemo Bi Stamili, mama wa marehemu mke wa Yahaya. Alikuja kutoka Ndalambo kumuuguza bintiye Stumai, binti akafariki, mama akabaki.

"Yahaya, niambie ukweli. Anayekuzuia ni yule mama?"

"Punguza sauti. Yuko jikoni."

"Anajua mimi ni nani kwako?"

Yahaya akageukia tangi.

"Nakuuliza wewe! Anajua mimi ni nani?"

"Anajua wewe ni... mteja. Unapakia mizigo kwenye gari langu."

Wanaume bwana! Raudha akauweka ule mfuko wa samaki juu ya meza, akachukua mkoba wake.

"Sawa. Mteja anaondoka."

"Rau, ngoja..."

"Usiniambie ningoje tena maisha yako yote!"

Mlango ukabamizwa. Yahaya akabaki na samaki mezani, na wengine ndani ya kioo, wote wakimtumbulia macho.

Chumbani kwake alikopanga, Raudha alilia mpaka mto ukaloa. Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, mbona sauti hiyo? Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi. Nimechoka tu."

"Umechoka na huyo mwenye lori asiyeleta posa. Sikiliza. Abdulrahim, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, kakuulizia tena. Mtu mzima, ana adabu zake. Rudi nyumbani, mwanangu. Mwanamke hawekwi benchi hivyo."

"Nitapanda basi la kesho, shangazi."

Alisema hivyo, na moyo ukamuuma papo hapo, maana Abdulrahim hakuwa na kosa lolote isipokuwa moja, hakuwa Yahaya.

Ujumbe ukaingia. "Rau nisamehe. Si kwamba sikutaki. Naona aibu."

Akajibu, "Aibu ya nini? Mimi ni dhambi?"

"Kwao marehemu Stumai, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Sembuse kumwambia nataka kuoa mwingine. Nitaanzia wapi?"

"Basi baki na samaki wako."

Akazima simu.

Asubuhi baridi ya Julai ilikuwa inauma kweli, ile ya Tunduma inayomfanya mtu avae koti juu ya sweta. Raudha alikuwa anafunga begi aliposikia bodaboda inasimama nje, kisha sauti.

"Hodi humu."

Alipofungua, hakuamini. Bi Stamili, sweta la kijivu juu ya kanga, amekumbatia ndoo iliyofunikwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipokee, dereva wa boda kanirusha kwenye mashimo, nusu nimwage. Nimekuletea watu wako."

Raudha akafunua kitambaa. Samaki wake walikuwemo, wote, wanaogelea kwa raha zao.

"Umeme ulikatika jana jioni," Bi Stamili akasema akikaa kitandani bila kusubiri kukaribishwa. "Nikasema hawa watakufa na baridi. Nikawatia kwenye ndoo karibu na jiko la mkaa, nikawa nawapunguzia maji kidogo, nawaongezea mengine ya uvuguvugu. Wako wazima."

Machozi yakamtangulia Raudha.

"Mama, kwa nini umejisumbua? Mimi si mteja tu?"

Yule mama akacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni.

"Mwanangu, mimi nina macho. Mteja gani anaosha tangi la samaki la mwenye gari? Nimejua tangu siku ile ulipokuja na nyama ukaniuliza chumvi inakaa wapi."

"Ulijua! Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kwetu mama mkwe na mkwe hatusemeshani mambo kama hayo. Stumai ndiye alikuwa mdomo wetu. Nikitaka sukari namwambia Stumai, Stumai anamwambia mumewe. Mwanangu alipoondoka tukabaki wawili hatuna mdomo. Akitaka kuniaga anasimama kwenye tangi, ananipa mgongo, anasema, 'Samaki, kesho nasafiri, unga upo stoo.' Na mimi nasikia."

Raudha akajikuta anacheka huku analia.

"Mzigo wangu nimeshaufunga siku nyingi," Bi Stamili akaendelea, na sasa hakucheka. "Nasubiri tu aseme anaoa, nirudi Ndalambo. Nikiondoka bila kuambiwa, watu watasema mkwe kanifukuza, nitamharibia jina. Nikibaki, nakuzibia njia wewe. Nimekaa hapo katikati, mwanangu, silali."

"Na mimi nilidhani hunitaki, mama."

"Mimi ndiye nilidhani wewe hunitaki!"

Wakatazamana. Begi likabaki pale pale limefunguka.

Nyumbani walimkuta Yahaya ameinama mbele ya tangi, macho mekundu, mkononi kichupa kidogo cha maji aliyoyadondoshea dawa ya kupimia sumu. Maji kwenye kichupa yalikuwa ya kijani, alama kwamba sumu bado ipo.

Kuona mama mkwe anaingia na Raudha, akageuza uso ukutani haraka. Bi Stamili akakaa kwenye mkeka, naye akampa mgongo. Raudha akasimama katikati na ndoo yake.

"Raudha," mama akaita, "mwambie mkwe wangu hivi. Samaki wanasubiri maji yakomae, hilo naelewa. Yeye anasubiri nini?"

Raudha akamgeukia Yahaya. "Yahaya, mama anauliza, samaki wanasubiri maji. Wewe unasubiri nini?"

Yahaya akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo Ndalambo mbele ya mkubwa.

"Mwambie mama naomba anisamehe. Nilisema uongo. Yule si mteja."

"Mama, anasema si mteja."

"Muulize basi ni nani."

"Mama anauliza ni nani."

"Mwambie... ni mwanamke ninayempenda. Naomba ruhusa ya mama nimuoe."

Ikawa zamu ya Raudha kufikisha. Wewe fikiria unaposwa, halafu unatakiwa uwe mshenga wa posa yako mwenyewe!

"Mama," akasema kwa shida, "anaomba ruhusa... anioe."

"Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, mama."

"Mwambie nimekubali kwa moyo mweupe. Stumai naye alimpenda huyu kijana, hapendi kumwona anazeeka anaongea na samaki. Na umwambie kesho narudi kwetu."

Raudha akaiweka ndoo chini.

"Anasema nini?" Yahaya akauliza akiutazama ukuta.

"Anasema amekubali. Na anasema anabaki hapa hapa."

"Wee! Sikusema hivyo mimi!" Bi Stamili akageuka mzima mzima.

"Mlitaka mdomo, mama, mmeupata. Ndivyo unavyofanya kazi."

Yahaya alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Bi Stamili akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, hujui anacheka au analia. Nadhani alikuwa anafanya vyote viwili.

Mchana huo huo Raudha akampigia shangazi.

"Shangazi, sipandi basi."

"Astaghafirullah! Kakuroga?"

"Barua ya posa inakuja Tanga. Mwambie Abdulrahim namshukuru, Mungu ampe mwingine."

Shangazi akaguna, kisha akasema, "Haya. Ila nikifika huko nitamkagua huyo mwenye lori kwa macho yangu."

Barua ikaenda kweli, na maandalizi yakaanza. Samaki wapya walikaa kwenye ndoo yao karibu na jiko, wakibadilishiwa maji kila siku na Bi Stamili, ambaye sasa alikuwa anawagombeza kwa majina. Kila jioni Yahaya alichota maji ya tangi, akadondosha dawa.

"Kijani," anasema.

"Basi tusubiri," Raudha anajibu, tena kwa upole. Kusubiri na mtu anayekuambia unasubiri nini hakuna maumivu.

Kuna siku yakawa ya kijani kibichi. Ikafika siku yakabaki ya njano, sumu imekwisha, na kesho yake njano tena, na wale wakongwe wawili wakala chakula kama wenye harusi. Yahaya akazima taa ya tangi, akawarudisha wageni kwenye mfuko, akauacha uelee juu ya maji ili joto lilingane. Akawa anachota maji ya tangi kidogo kidogo, anawaongezea.

"Sasa?" Raudha akauliza.

"Sasa. Watie mwenyewe."

Akawaachia taratibu kwa kikombe. Wakaingia, wakajificha nyuma ya mawe, wakatoka mmoja mmoja. Mkongwe mmoja akawasogelea, akawazunguka, akaenda zake. Raudha akamkumbatia Yahaya, na Bi Stamili akakumbuka ghafla kwamba ana mboga jikoni.

Siku ya ndoa shangazi alifika kutoka Tanga na ukaguzi wake. Nyumba ilijaa, pilau inanukia mpaka barabarani. Shangazi akapita kila mahali, akakuta mama wa makamo amekaa pembeni kabisa karibu na mlango, kanga mpya, mikono mapajani, kama mtu asiyejua nafasi yake ni ipi.

"Dada, karibu mbele. Wewe uko upande gani, wa bwana harusi au wa bibi harusi?"

Bi Stamili akababaika. "Mimi... mimi nipo tu."

Raudha, amejifunika shela, mikono imejaa hina, akasikia. Akainuka katikati ya wanawake wote, akaenda kumshika mkono, akamkalisha kwenye zulia ubavuni kwake.

"Huyu ni mama yangu, shangazi. Yahaya ni mkwe wake."